Mzigo Namba Sitini na Moja

Octave hakuwa na treni. Hilo ni jambo la kwanza, na lenyewe lingetosha kumfanya mwanaume mwingine afunge mlango akalime muhogo. Hakuwa na kepi, kofia ya kazi, maana kepi ya shefu wa kituo ilikwenda Ulaya kichwani mwa mwenyewe. Hakuwa na karatasi ya kusema yeye ni nani pale kituoni. Hakuwa na diploma, ila miaka mitatu ya masomo ya jioni kwa mapadri, ambako alijifunza Kifaransa cha kuandika barua na mwandiko usioinama. Hakuwa na simu. Waya zilikatwa zamani na watu waliozifanya mitego ya ndege. Hakuwa na saa ya ukutani iliyoweza kumaliza wiki bila kusimama. Na hakuwa na mkubwa wa kumwambia, "Basi, Octave, imetosha, nenda nyumbani."

Alichokuwa nacho ni kituo.

Kiliitwa Kilometa Kumi na Moja, kwa kuwa hapo ndipo reli ilipotimiza kilometa kumi na moja kutoka Uvira kuingia bonde la Ruzizi, na wazungu hawakujisumbua kutafuta jina lingine. Wenyeji walikiita Onze, kumi na moja ya Kifaransa. Kilijengwa Octave akiwa bado ananyonya. Baba yake alikuwa mmoja wa waliobeba vyuma vya reli mabegani, watu kumi na sita chuma kimoja, wakiimba ili miguu yao iende pamoja. Kilikuwa na ukuta wa matofali, bati jekundu, tangi la maji, na jukwaa la saruji la hatua themanini na nne toka mwisho hadi mwisho. Octave alizijua hatua hizo kwa sababu hakuweza kukaa kitini. Toka ujana wake alikuwa mtu wa kwenda na kurudi.

Treni ya asubuhi ilipita saa kumi na mbili kasorobo kushuka Uvira, na ya jioni ilirudi saa kumi na moja na nusu. Ilibeba makarani, wanafunzi wa misioni, mafundi, wauza mihogo, na Warundi wa bondeni na vibuyu vyao vya maziwa. Mtu wa Onze aliweza kuamka kwake, kufanya kazi mjini mchana, na kula bugali wa mkewe kabla giza halijaingia. Jambo hilo liliwapa watu wa Onze mwendo fulani wa kujiona. Hata mtu wa Katogota, aliyekaa mbali juu bondeni, aliwaita watu wa mji, na hawakumsahihisha.

Octave aliingia kama mpiga kengele, akawa mpima mizigo, akawa msaidizi wa shefu. Miaka miwili kabla ya uhuru treni ikasimamishwa, kwa kuwa malori yalikuwa yamejaa barabarani. Shefu, mzungu mwembamba mwenye kikohozi, alimpa Octave funguo, kitabu cha kanuni na kitabu cha mizigo. Akamwambia alinde mpaka wakubwa watakapokuja kuchukua. Wakubwa hawakuja. Majani yakaota katikati ya reli, na mbuzi wakajifunza kulala kivulini mwa tangi.

Lakini kazi za kituo hazikusimama zote. Octave aliendelea kupiga kengele saa kumi na mbili kasorobo, na wafanyakazi wa pamba waliamka nayo. Mizani ilipima magunia, na Jumamosi ilipima watoto wachanga, mama zao wakibishana nani kazaa mzito. Wagonjwa walingojea kamyo, lori la barabarani, kwenye benchi la abiria. Na chumba cha mizigo kilipokea mizigo kama zamani: mwenye mzigo alipewa nusu ya tike yenye namba, nusu nyingine ikafungwa kwenye mzigo, na namba hiyo ikaandikwa katika kitabu. Bila tike, mzigo hautoki. Miaka kumi na saba, hakuna hata mmoja uliopotea. Wengine hujisifu kwa ng'ombe, wengine kwa watoto. Octave alijisifu kwa hilo, na alijisifu mara nyingi.

Siku ya uhuru yenyewe ilimpa aibu asiyoitegemea. Alfajiri aliposhika kamba ya kengele alikuta jukwaa limejaa watu waliovaa nguo za Jumapili, na vikapu, na kuku waliofungwa miguu. Walikuwa wakingojea treni. Hakuna aliyejua nani alianza kusema kwamba uhuru utairudisha. Wengi walishika mkononi nusu za tike za kurudi, za siku ile ya mwisho, walipokwenda Uvira kwa treni wakarudi kwa miguu.

Mzee Nduwimana, Murundi mwenye shamba karibu na reli, alimsogezea tike yake puani. "Octave, nilikwenda, sijarudi. Hii safari iko yangu bado."

"Mzee, si uko hapa? Umerudi."

"Nimerudishwa na miguu yangu. Kampuni haijanirudisha."

Watu walicheka, lakini hawakuondoka. Walikaa mpaka jua likawa kali, na Octave akatembea mbele yao, kwenda na kurudi, kama kwamba kuchelewa kwa treni ni kosa lake. Tangu siku hiyo wenye utani walimwita Shefu wa Majani. Aliitika kwa kichwa, na moyoni lilimchoma. Alitaka jina la shefu kama wengine wanavyotaka mtoto wa kiume.

Ndipo ukaja mwaka wa sitini na nne. Vita vilishuka bondeni mwezi wa nne, na Warundi wengi wa Onze wakavuka mto Ruzizi kwenda upande wa Burundi. Consolate alifika kituoni akisukuma baiskeli, mashini yake ya kushona imefungwa juu. Alikuwa mjane. Kwa miaka saba alipanda treni ya asubuhi na mashini hiyo kwenda kushona sokoni Uvira, na hakukuwa na suruali ya karani wa Onze ambayo mkono wake haujapita. Alisema mtumbwi wa kuvukia ni mdogo, mwenye mtumbwi amekataa chuma. Akaomba Octave amtunzie.

Octave akafungua kitabu, akaandika namba sitini na moja, akakata tike.

"Treni hakuna," Consolate alisema, "tike iko ya nini tena?"

"Treni ilikuwa ya kampuni, mama Consolate. Mzigo iko wangu. Siku utakayoleta karatasi hii, hata miaka kumi, utaikuta."

Consolate aliifunga tike ndani ya pindo la kitenge chake, akaondoka mbiombio bila kuaga vizuri.

Katikati ya mwezi wa tano waasi waliuchukua mji wa Uvira, na baada ya siku chache kikosi chao kimoja kikakaa Onze. Walijiita Simba. Kiongozi wao pale alikuwa Gaspard, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hata akivaa ngozi ya chui kichwani, alisema taratibu kama mtu anayetoa imla. Askari wake walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa ya kuzuia risasi, na dawa hiyo ilikuwa na miiko. Simba haruhusiwi kumgusa mwanamke. Haruhusiwi kugeuka nyuma vitani. Haruhusiwi kuiba. Anayevunja mwiko, maji yanamtoka, na risasi ya kwanza ni yake.

Gaspard alikuja kituoni asubuhi na watu sita. Alikuwa na majora ya kitambaa cha khaki aliyopewa mjini, na fundi mmoja asiye na mashini, wa kuwashonea askari sare huko Katogota.

"Papa Octave, nimesikia mashini ya kushona iko humu."

"Iko. Iko na mwenyewe. Lete tike."

"Mwenyewe amekimbia."

"Amekimbia na tike yake."

Mmoja wa Simba akauliza kwa nini mlango haupigwi teke, nao ni wa mbao. Gaspard hakumgeukia. "Piga," alisema. "Halafu kesho weye utangulie mbele, tuone kama maji yako ingali inafanya kazi." Yule akarudisha mguu wake polepole, na wenzake wakamcheka mpaka akaenda kukaa nje.

Basi ilibidi mashini itolewe kwa mkono wa mwenye kuitunza, na mwenye kuitunza hakutaka. Walirudi siku ya pili, wakamweka juani kutwa nzima. Agathe, mkewe, alimletea maji na kumnong'oneza kwamba mashini ni chuma, na yeye ni nyama. Octave alikuwa anaogopa sana, lakini ndani ya woga ule kulikuwa na furaha ambayo aliona haya nayo: watu wenye bunduki walikuwa wanangojea ruhusa yake.

Siku ya tatu, ili kuyamaliza maneno, alisema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Alisema hata akitaka, hana uwezo. Kitabu cha kanuni kinasema mzigo usio na tike unaweza kutolewa na shefu wa kituo peke yake, kwa maandishi, akiweka jina na cheo.

Gaspard aliinua macho. "Na shefu iko nani?"

"Hayuko."

"Tangu lini?"

"Miaka sita sasa."

Gaspard akaomba karatasi. Aliandika akiwa ameegemea mizani, bila haraka, kwa Kifaransa kizuri chenye alama zote mahali pake. Akapiga kashe, muhuri wa kikosi chake. Akamwagiza mtu, na yule akarudi na kepi nyeusi yenye utepe mwekundu. Kepi hiyo ilitoka kichwani mwa nani, Octave hakuuliza. Karatasi ilisema kwamba kuanzia siku ile, kwa utumishi wake mrefu na uaminifu wake, Bwana Octave ameteuliwa kuwa shefu wa kituo cha Kilometa Kumi na Moja.

"Nakupongeza, shefu," alisema Gaspard, na askari wote sita wakampigia saluti.

Hapo ndipo Octave alipoanguka. Jua halikumwangusha, bunduki hazikumwangusha. Aliisoma karatasi mara mbili. Akavaa kepi. Akafungua kitabu, na pembeni mwa namba sitini na moja akaandika kwamba mzigo umetolewa kwa ombi la jeshi la ukombozi, utumike Katogota, akatia saini, na chini ya saini akaandika kwa herufi zake zilizosimama: Shefu wa Kituo. Gaspard akapiga kashe yake hapo pia. Mkono wa Octave haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote.

Alikuwa shefu kwa miezi mitano. Aliipiga kengele akiwa na kepi. Hakuna aliyemwita tena wa Majani, lakini alitambua kwamba akitokea watu walipunguza sauti. Usingizi ulimwacha. Mchana alitembea jukwaani, na kila akipita mlango wa chumba cha mizigo aliharakisha.

Kabla mwaka haujaisha askari wa serikali walirudi, na Simba wakakimbilia milimani. Askari walipita kijiji kwa kijiji wakiuliza nani alipewa cheo na waasi. Karani mmoja wa Nyamianda aliyekubali kuwaandikia vibali alichukuliwa asubuhi kwenye kamyo, na mkewe aliendelea kumpelekea chakula mpaka akaambiwa aache. Octave alichoma karatasi ya uteuzi kwenye mafiga ya Agathe, na kepi pia, ambayo ilitoa moshi mwingi wenye harufu ya nywele. Kitabu cha mizigo hakukichoma. Kurasa zake zilikuwa na namba kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuwahi kuchana hata moja. Alikiweka chini ya mbegu za mahindi.

Siku moja ya soko, mwaka uliofuata, kamyo lilisimama Onze, akashuka Marie-Rose, mfanyabiashara wa mawese aliyevuka mpaka wa Kavimvira kila wiki kwenda Bujumbura. Alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi, lakini siku hiyo aliomba benchi kwanza, akanywa maji, akatazama huku na huku. Alisema ana salamu za Consolate. Anashona kwa mkono, sindano na uzi, kwenye baraza la mtu, na vidole vyake vimevimba. Lakini Mungu ni mkubwa: shemeji yake, Bigirimana, ameiona mashini. Iko Katogota, katika lupango, ua la askari, kati ya vitu ambavyo waasi waliviacha. Ameitambua kwa kovu la rangi lililo ubavuni. Ofisa wa pale amesema atairudisha kwa mwenyewe, lakini hataki maneno matupu. Alete tike, na alete ukurasa wa kitabu wenye namba ile ile, unaoonyesha mashini ilitokaje kituoni. Akikosa, ni mali ya waasi, na siku ya mwisho wa mwezi itapelekwa mbali pamoja na vingine.

"Tike anayo," Marie-Rose alisema. "Anaomba ukurasa tu. Na amesema nikupe pole."

"Pole ya nini?"

"Ya mlango. Anasema anajua papa Octave asingetoa, lazima walivunja."

Wote wawili waliutazama mlango wa chumba cha mizigo. Ulikuwa mzima, na kitasa chake kilikuwa kimepakwa mafuta.

Marie-Rose alikuwa mwerevu. Alisema anakwenda kukusanya mawese yake, na kamyo litapita tena kurudi saa tisa.

Octave alimweleza mkewe. Agathe aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo. Alisema jibu ni jepesi: kitabu kiliungua. Vitabu vingapi havikuungua mwaka ule? Nani atauliza?

"Ataikosa mashini," Octave alisema.

"Aikose. Minye nikukose weye? Ukurasa ule utasomwa na nani? Si Consolate. Utasomwa na askari. Jina lako, cheo chako, na kashe ya Simba juu yake. Unataka wakufuate hapa na kamyo?"

Agathe alisema kweli. Octave akatoka jukwaani. Alitembea hatua themanini na nne, akageuka, akatembea tena. Mbuzi wa Nduwimana walihama kivulini kumpisha, wakachoka kuhama, wakamwacha awazunguke. Saa sita ilipita. Aliingia ofisini akaandika kwamba kitabu kimeungua. Barua ilikuwa fupi na nzuri. Aliisoma, akaona ni ya mtu mwingine, akaikunja akaiweka mfukoni. Akaandika ya pili: alinakili ukurasa kwa mkono wake mwenyewe, akaacha cheo, akaacha kashe. Alipomaliza alijua kwamba hata yeye, akiletewa nakala kama hiyo na mtu asiye na ukurasa wenyewe, angemfukuza dirishani. Agathe alisimama mlangoni akasema basi achane kipande cha chini, chenye cheo.

"Nusu ya ukurasa si ukurasa," Octave alijibu. "Ofisa atauliza nusu nyingine iko wapi."

Alikaa. Kwa mara ya kwanza siku ile alikaa na miguu yake ikatulia. Akaitazama namba sitini na moja na mwandiko wake mwenyewe uliosimama, na aliona wazi kwamba Simba wasingeweza kuichukua mashini ile. Miiko yao ilimlinda Consolate vizuri kuliko kufuli. Walihitaji mkono mmoja tu wa kuitoa, na mkono huo aliupeleka yeye, kwa sababu ya utepe mwekundu. Mtu akimwambia Consolate kwamba aliibiwa, atakuwa anamwibia mara ya pili.

Akachukua wembe, akakata ukurasa karibu na mshono, polepole, usichanike. Halafu akaandika:

"Mama Consolate, mlango haukuvunjwa. Nilifungua mwenyewe. Walinipa cheo, nami nikawapa mashini yako. Sikupigwa. Tike yako ilikuwa halali, na mimi ndiye niliyeivunja ahadi. Ukurasa huu ni wenyewe, si nakala. Mwonyeshe ofisa, aupime na tike yako. Akiuliza aliyetia saini ni nani, mwambie ni Octave, na anakaa Kilometa Kumi na Moja. Ukiipata mashini, itie mafuta kabla ya kuizungusha, kwa maana imekaa nje. Usinijibu kwa maandishi."

Alitia saini jina lake, bila cheo.

Gundi ya kituo ilikuwa imekauka tangu enzi za mzungu. Alikuwa akitafuta nta alipomwona Agathe ameingia na kijiko cha uji mzito wa unga wa muhogo, bado wa moto. Alikuwa amelia, na alikuwa amenawa uso. Aliweka kijiko mezani, akashika bahasha pembe mbili ili isiteleze, na Octave akapaka uji kwenye ukingo kwa kidole chake, akakunja, akabana kwa ngumi zote mbili mpaka ukashika.

Kamyo lilipiga honi saa tisa na dakika kumi. Octave alimpelekea Marie-Rose barua mkononi, mbele ya watu. Akamwambia barua ya kituo haifichwi.

"Hiyo ilikuwa kazi yako, papa," alisema Marie-Rose. "Kavimvira iko kazi yangu." Akaichomeka ndani ya kilemba chake, akakaza fundo, akapanda juu ya madumu ya mawese, akagonga bati la kichwa cha kamyo kwa kiganja. Dereva akaondoa breki, na gari likashika barabara ya mpakani.